Kahawa ya mlima na ramani ya Ulaya: kisa cha sosaiti iliyopimwa mara mbili

Hiki ni kisa cha sosaiti moja ya kahawa, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huku Western, upande wa juu wa Bungoma, ule unaoangalia Mlima Elgon. Jina la sosaiti nimetoa, la fakitri, la kampuni na ya watu wote pia, na namba za wanachama na za pesa nimezizungusha kidogo ndio mtu asikae akipiga hesabu mpaka ajue ni nani. Mambo ya sheria, yaani ile ya Ulaya ya kuzuia bidhaa zilizotoka kwa msitu uliofyekwa (EUDR), sijagusa, yako vile yalivyo. Mimi nilikuwa ndani, niliitwa kama kijana wa data, kwa hivyo baadhi ya makosa utakayosoma hapa ni yangu na nitayasema wazi.

Mahali na watu

Sosaiti ina wanachama kama 600 na fakitri moja ya kumenya cheri, yaani matunda ya kahawa. Mwanachama wa kawaida ana miti 150 hadi 300 ya kahawa, na kwa hiyo eka moja au mbili zake kuna pia mahindi, maharagwe, ndizi, ng'ombe mmoja amefungwa nyuma ya nyumba, na kwa mpaka amepanda miti ya grivilea ama blugam ya kusomesha watoto. Hati ya shamba mara nyingi bado inasoma jina la babu aliyezikwa zamani na watoto walishagawana kwa mdomo. Ukiuliza shamba ni la nani utajibiwa haraka sana, ukiuliza karatasi iko wapi mtu anaanza kukohoa.

Wazee wa huku wanakumbuka kahawa ikiwa kahawa. Msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa karibu tani 130,000, sai tunazungusha kama 50,000 hivi. 1989 ule mkataba wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na watu wengi wakaacha miti imezwe na magugu wakahamia miwa na mahindi. Walioshikilia ni wale wakaidi. Halafu miaka hii ya karibuni bei ikaanza kutabasamu kidogo, vijana wakarudi, wakaanza kupanda Batian, aina mpya ya kahawa, juu inavumilia magonjwa, na kwa sosaiti mtu akija na miche mipya ilikuwa ni furaha tupu, hakuna aliyewahi kumuuliza hapo ulipopanda kulikuwa na nini.

Sheria ilitoka wapi

Hii sehemu wengi huruka lakini bila hii huwezi kuelewa kwa nini mama wa miti 200 alipigiwa simu kuulizwa mambo ya Ulaya.

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanakadiria kati ya 1990 na 2020 dunia ilipoteza msitu wa hekta milioni 420, na sehemu kubwa ilikatwa ndio ardhi itumike kwa kilimo na mifugo. Ulaya wenyewe walipiga hesabu wakaona matumizi yao, ile kahawa na chokoleti na nyama na soya ya kulisha mifugo, yanabeba kama asilimia 10 ya ukataji huo. Sasa kule Rio 1992, mataifa yalipokutana kuongea mazingira, walikubaliana mambo ya hewa na ya viumbe lakini kwa misitu walishindwa kabisa kuandika mkataba wenye nguvu, wakatoka na kanuni za kushauriana tu. Nchi zenye misitu zilisema msitu ni wetu na ninyi mlikata wenu zamani, na hapo walikuwa na pointi. Miaka 30 baadaye Ulaya ikaamua kama hatukubaliani mezani tutaongelea dukani. Sheria yao ilianza kuwa sheria 29 Juni 2023, inagusa vitu saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Kama kitu kimetoka kwa ardhi iliyokuwa msitu na ikafyekwa baada ya 31 Desemba 2020, hakiingii. Na lazima kiwe kimezalishwa kwa kufuata sheria za nchi kilikotoka, pamoja na haki ya kutumia hiyo ardhi.

Anayeulizwa na Ulaya si mkulima, ni yule anayeingiza mzigo kule. Yeye ndiye anajaza taarifa na kuonyesha kila shamba liko wapi duniani, na akikosea sana faini inaweza kufika asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka kule Ulaya, ama hata zaidi. Kwa hivyo mwenye faini akamtisha muuzaji wa Nairobi, wa Nairobi akamtisha menija wetu, na menija akanipigia mimi saa moja usiku.

Barua ya Februari

Barua ilikuja Februari 2024 kutoka kampuni inayouza kahawa yetu nje, kurasa mbili za Kiingereza kizito. Ilisema kuanzia 30 Desemba 2024 kahawa isiyo na ramani haitaingia Ulaya, sosaiti ilete mipaka ya shamba la kila mwanachama kabla ya Agosti, mipaka yote imezungushwa, yaani poligoni, na asiye nayo kahawa yake itatengwa. Nyuma kulikuwa na fom ya idhini ya data ya kusainiwa na mwenyekiti. Hiyo fom ikumbuke.

Mkutano ukaitwa. Mimi nilienda nimejiandaa na maswali ya bei na ya setilaiti, nikabeba na projekta ya kuazima. Swali la kwanza kutoka nyuma lilikuwa: hizo alama za mashamba yetu zinaenda kwa nani? Ukiwa mgeni unaweza kudhani ni ushamba. Lakini huku mlimani orodha ya mashamba ishawahi kumwaga damu. Ugawaji wa mashamba ya skimu ya Chepyuk hapa mlimani, awamu ya tatu, ulikuwa kati ya mambo yaliyowasha ile vita iliyochacha 2006 mpaka jeshi likaingia Machi 2008, na kwa hicho kikao kulikuwa na akina mama waliokimbia na watoto mgongoni wakati huo. Sasa umwambie huyo mama kijana mwenye simu atakuja kuzunguka mpaka wake halafu habari iende ng'ambo. Atakutazama tu, hatakujibu.

Aliyeokoa kikao ni mzee mmoja mwembamba anayekaa nyuma siku zote. Alisema yeye mwaka wa 1999 alikuwa Kisumu, kwa kiwanda cha kukata minofu ya mbuta, na Ulaya ikafunga samaki wa ziwa juu kulikuwa na watu walishukiwa kuvua kwa dawa ya wadudu. Kiwanda kikanyamaza. Hata akina mama waliokuwa wananunua mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikitolewa, mlangoni wakakosa cha kukaanga. Akasema, "Mimi sikumwaga dawa ziwani, lakini mimi ndiye nilipanda matatu nikarudi nyumbani." Projekta yangu nikaizima. Kuanzia hapo watu hawakuuliza tena kama tupime, waliuliza tunapimaje.

Tulivyoamua, na kwa nini

Kampuni ilisema italeta watu wake wapime bure. Kamati ikakataa. Mwenyekiti, ambaye kwa mambo mengine si mtu wa haraka, hapa aliona mbali sana: mgeni akitembea mpaka wa mtu huku asubuhi, jioni kuna uvumi. Tukachukua vijana kumi na wawili, watoto wa wanachama, wawili kwa kila kijiji, na pale vijiji vimechanganyika tulihakikisha mmoja anaongea Kibukusu na mwingine Kisabaoti. Shilingi 150 kwa shamba, simu zao, programu ya bure ya GPS.

Uamuzi wa pili ulikuwa kukubali poligoni kwa kila shamba, na huo ni wangu. Niliulizwa kama ni lazima nikasema ndiyo, barua imesema. Sheria yenyewe sikuwa nimeisoma, nilikuwa nimesoma barua. Kumbe sheria inasema shamba likizidi hekta 4 ndilo linahitaji kuzungushwa mipaka, likiwa hekta 4 kushuka chini pointi moja ya latitudo na longitudo inatosha, bora iwe na tarakimu sita baada ya nukta. Hekta 4 ni karibu eka 10. Kwa sosaiti nzima hakuna mtu mwenye eka 10 za kahawa, hata mwenyekiti hana!

Wa tatu, fom ikasainiwa palepale bila kusomwa ukurasa wa pili, sababu ikiwa ni kwamba gari la kampuni lilikuwa linangoja. Ndiyo sababu yenyewe, sijaongeza chumvi.

Wa nne, kamati ilisema shamba lolote likitokea na alama nyekundu kwa ramani ya misitu, cheri yake iwekwe kando mpaka ieleweke. Ilionekana busara wakati huo. Fakitri ingeweza kupoteza mzigo mzima kwa sababu ya debe moja, maana cheri zikishaingia kwa mashine pamoja hakuna wa kuzitenganisha.

Mei hadi Agosti

Wiki tatu za kwanza zilikuwa vurugu. Kijana akitembea mpaka, jirani anatoka na panga ya kufyeka nyasi na hakuna nyasi. Ndugu waliogawana kwa mdomo wakaanza kubishana ni mti gani ulikuwa mpaka, mtu na dada yake wakafikishana kwa chifu, na malalamiko yalipofika 23 chifu mwenyewe akasema simamisheni kwanza. Tukakaa wiki mbili bila kupima kitu. Ni katika hizo wiki mbili, nikiwa sina kazi nyingine, ndio nikaketi na sheria yenyewe nikaisoma kifungu kwa kifungu, na nilipofika hapo kwa hekta 4 nikajisikia vibaya sana.

Tulirudi kwa watu na maneno mapya: hatutembei mpaka tena, tunasimama katikati ya kahawa yako, tunabonyeza, tunaenda. Mashamba yaliyotuchukua wiki tatu sasa yalikuwa yanaisha kwa siku nne. Wale waliofunga lango wakaanza kutuma watoto kuuliza mtafika kwetu lini.

Lakini haraka nayo ina yake. Mvua ya Juni ilikuwa kali, na mama akikukaribisha chai huwezi kukataa, kwa hivyo vijana wengine wakachukua pointi wakiwa wameketi chini ya mabati, na chini ya mabati GPS inacheza. Wengine walichukua pointi mlangoni mwa boma badala ya kwa kahawa, na boma la mtu na kahawa yake huku vinaweza kuachana na bonde katikati. Simu moja nayo ilikuwa inahifadhi tarakimu nne badala ya sita. Tarakimu nne zinakubeba na kosa la mita kama 11, sita zinakuleta kwa sentimita 11, na kwa shamba la nusu eka mita 11 zinaweza kukuweka kwa jirani.

Halafu kosa langu kubwa. Mfumo wa Ulaya unapokea faili ya GeoJSON, na hiyo faili inataka longitudo ianze ndipo latitudo ifuate. Simu zetu zilikuwa zinaandika kinyume. Mimi nikatengeneza hiyo faili usiku nikiwa nimechoka, nikasahau kubadilisha mpangilio, nikatuma, nikalala nikijua nimemaliza. Asubuhi kampuni ikajibu kwa mstari mmoja: mashamba 212 yako nje ya Kenya. Nikafungua ramani, nikaangalia Bungoma, hakuna kitu. Nikarudisha nyuma nyuma mpaka nikaona Afrika yote, na huko juu kabisa, Algeria, kundi la vidoti limetulia kwa nyanda kavu. Sisi tuko karibu latitudo 0.8 na longitudo 34.6, ukizigeuza unafika huko. Menija alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Kurekebisha mpangilio ilikuwa kazi ya dakika kumi, lakini nilipokuwa nazikagua moja moja ndio nikagundua zile za chini ya mabati na za mlangoni, na hizo ikabidi turudi tupime upya. Karibu theluthi moja ya mashamba yakapimwa mara mbili.

Mzee wa blugam

Faili safi ilipopita kwa ramani ya misitu, ile wenzetu wa Ulaya wametengeneza kwa picha za setilaiti ikionyesha dunia ilivyokuwa 2020, mashamba 37 yakatoka mekundu. Karibu yote yalikuwa ni kivuli tu. Setilaiti ikiangalia kahawa iliyo chini ya grivilea ndefu haioni kahawa, inaona miti, inasema msitu. Hizo tulizimaliza kwa picha na maelezo mafupi, juu sheria haihesabu miti iliyo ndani ya shamba la kilimo kuwa msitu.

Moja likabaki. Mzee ana eka mbili, na 2022 alikata blugam yake yote akalipa karo ya chuo ya binti yake, halafu pale palipobaki visiki akapanda miche 90 ya Batian. Ukiangalia picha ya 2020 kuna miti, ukiangalia ya 2023 hakuna, na sasa kuna kahawa. Kwa macho ya kompyuta huyu ndiye mfano kamili wa mhalifu. Kamati ikafuata uamuzi wake, cheri yake yote ikawekwa kando, hata ile ya miti ya zamani iliyopandwa na baba yake. Karani alimwambia kwa mlango wa fakitri mbele ya watu, na hapo ndipo tulikosea zaidi ya mahali pengine popote. Mzee hakubishana. Alifunga gunia, akaliweka kwa bodaboda, na usiku huo akauzia broka kwa bei ya kutupa.

Sheria inasema msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, miti ya zaidi ya mita 5, na majani yamefunika zaidi ya asilimia 10. Nusu hekta ni kama eka moja na robo. Tulimwomba turudi tupime pale kwa blugam peke yake. Akatuangalia kwa muda, akasema pimeni. Ikatoka hekta 0.28, na iko katikati ya kahawa na barabara, haijaungana na miti ya mtu mwingine. Si msitu, haikuwahi kuwa msitu, ilikuwa ni karo imesimama. Na angalia ajabu: mzunguko wa mpaka, ile poligoni tuliyoilaani miezi miwili, ndiyo ilimtoa. Pointi moja isingeonyesha ukubwa.

Menija alienda kwake mwenyewe, akiwa na mwenyekiti, akamwomba msamaha nyumbani. Alirudi kuleta cheri, lakini wiki tatu za mavuno zilikuwa zimeenda kwa broka.

Namba za kuazima

Hapa sitatetea mtu. Tulipolinganisha idadi ya miti na kilo zilizoletwa, kuna mwanachama wa miti 140 aliyekuwa amepeleka kilo 3,900 za cheri kwa msimu. Huku kwetu mti ukikupa kilo mbili tatu unashukuru, huo wake ulikuwa unatoa karibu 28. Kumbe namba yake ya uanachama ilikuwa inatumiwa na watu wanne wengine, na wawili kati yao kahawa yao ilikuwa ndani ya msitu wa serikali, kwa vipande walivyopewa kulima katikati ya miche ya miti. Huo mpango unaruhusu mahindi, viazi, maharagwe, mpaka miche ifunge kivuli utoke. Kahawa hairuhusiwi, kahawa ukiipanda umekuja kukaa, na ili ikae miche ya msitu lazima ife.

Elgon ni moja ya minara mitano mikubwa ya maji ya nchi hii, yaani milima yenye misitu ambako mito inaanzia, na sehemu ya maji yake inaingia Nzoia inayoteremka mpaka Budalangi, ambako watu wamehama na kurudi na kuhama tena kwa mafuriko. Kwa hivyo mtu akiniambia huu ni msitu wa Wazungu namuuliza jamaa wa Budalangi ni Mzungu? Sosaiti ilifunga namba zote za kuazima. Wale wawili wa msituni waliambiwa faragha, baada ya somo la mzee wa blugam, na walipewa nafasi ya kuingia uanachama kwa mashamba yao ya nyumbani. Mmoja alikubali. Mwingine bado anauzia broka na kahawa yake bila shaka inafika mahali.

Matokeo

Kufika Septemba tulikuwa na mashamba 558 yaliyo safi. Gharama ya vijana, bodaboda, bando na mimi ilifika kama shilingi 240,000, na kwa msimu wa kilo 300,000 za cheri hiyo ni senti 80 kwa kila kilo iliyotoka kwa malipo ya mkulima. Kampuni haikuongeza kitu kwa bei.

Halafu 2 Oktoba 2024 Tume ya Ulaya ikapendekeza sheria isogezwe mwaka mzima. Desemba hiyo pendekezo likapitishwa, sheria ikasogezwa mpaka 30 Desemba 2025, na mwisho wa 2025 ikasogezwa tena mpaka Desemba 2026 kwa makampuni makubwa na ya kati. Habari ya kwanza ilipofika kwa kikundi cha WhatsApp cha sosaiti nilizima simu. Watu waliona wamechezewa, ati tulikimbizwa kama moto unawaka na kumbe ni moshi wa jirani.

Mapema 2025 akaja mnunuzi wa pili, anatoa bei nzuri, anauliza mna ramani? Menija kwa furaha akasema tunazo. Kampuni ya kwanza ikasema hapana, ni zetu, someni fom. Ukurasa wa pili kweli ulisema data yote iliyokusanywa ni mali ya kampuni. Mimi nilibaki na nakala lakini ilikuwa ile chafu, marekebisho ya mwisho tulikuwa tumeyafanya moja kwa moja kwa mfumo wao. Tukaandika barua tukisema kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 habari za mtu ni zake na idhini inatoka kwake yeye, mwenyekiti hawezi kutoa idhini ya watu 600 ambao hawakuulizwa. Nakala ilirudi baada ya wiki sita. Mnunuzi alikuwa ameenda kwa sosaiti nyingine.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni vijana wa nyumbani, na si kwa sababu walikuwa hodari wa simu, makosa yao mmeyaona. Ni kwa sababu mtu akitaka kuuliza usiku ramani imeenda wapi anajua mlango wa kugonga. Kampuni ingepima kwa wiki mbili bila kosa hata moja la tarakimu na nusu ya watu wangekuwa hawako nyumbani.

Kilichoharibika kinaanzia kwa barua. Kila aliyeipokea sheria hapo katikati aliongeza kidogo cha kujikinga: sheria ilitaka pointi, kampuni ikataka poligoni, sisi tukaongeza kumtenga mtu kabla hajasikilizwa. Kufika kwa mkulima ilikuwa nzito mara tatu. Ningesoma sheria Februari badala ya Juni tungeokoa malalamiko 23, na zile poligoni chache tulizozihitaji kweli, za mashamba mekundu, tungezipima baadaye kwa utaratibu na mwenyewe akiwa ameelewa kwa nini.

Kuhusu fom, nimefikiria sana. Tulikuwa tunaona ramani kama kodi, kitu unatoa ndio uachwe uendelee. Lakini kama kahawa bila ramani haiuziki Ulaya basi ramani ni sehemu ya kahawa, kama vile kukausha na kuchagua, na hakuna mtu anakausha kahawa halafu anapatia mnunuzi vitanda vyake. Tulilipia kuitengeneza, tukaigawa bure, halafu tukaandika barua tukiiomba.

Kuna kitu hatukugusa kabisa, na kitatupata: hati za babu. Sheria inataka kahawa iwe imelimwa kwa haki ya kutumia ardhi, na sisi tulijaza tu barua ya chifu kwa wote. Imepita mpaka sasa. Mpango wa kusaidia wanachama kufanya mirathi ya mashamba umetajwa kwa mikutano miwili na haujapata pesa.

Tarehe yenyewe ya 31 Desemba 2020 watu huiona kama kamba ya kumnasa mtu, mimi naona ni afadhali kuwe na tarehe. Bila tarehe mzee wa blugam angeulizwa mpaka msitu uliofyekwa na mkoloni. Shida ni kwamba tarehe ya nyuma imesimama na tarehe ya mbele inahama kila Desemba, na aliyetoka mapema ndiye analipia kungoja. Sosaiti ya jirani ambayo haikupima hata shamba moja ilipata bei ileile tuliyopata.

Mwaka huu fom mpya ya uanachama ina sentensi inayosema ramani ni ya mwanachama na sosaiti inaitunza, na mnunuzi anapewa ya kutazama kwa mzigo wake tu. Ilisomwa kwa Kiswahili, kwa Kibukusu na kwa Kisabaoti. Yule mzee wa mbuta alisimama akauliza kama mnunuzi anaitaka sana hivyo, bei yake kwa kilo ni ngapi? Mwenyekiti akamwambia karani aandike. Kwa minits ni ajenda namba 7, na mbele yake karani ameandika "bado".